Maswali yenu: Dogo anashinda jimu ya chuo tangu Januari, mpaka Agosti tutegemee nini?

Haya wapendwa, tangu fainali ya vyuo ya Marekani ipite Januari naona barua za wazazi wa huko zimeongezeka na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mtoto anacheza futiboli chuoni, ile ya helmeti na mabega ya plastiki sio soka yetu, msimu umeisha, sasa kila siku anaamka saa 11 alfajiri kwenda kupiga chuma, je hayo machuma yatamfikisha wapi. Nimechukua barua 6. Majina nimeyatoa kama mlivyoomba, na zile zilizouliza kuhusu viza tafadhali mpelekeeni mwanasheria, mimi ni mtu wa jimu tu.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni Mtanzania niko Columbus, Ohio, kijana wangu yuko mwaka wa kwanza, anacheza lainbeka (mkabaji anayesimama nyuma ya mstari wa mbele) ila msimu uliopita hakucheza hata mechi moja, wamemwekea redshati. Ana paundi 216, kocha kamwambia Agosti anamtaka akiwa na 240. Benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu, anasukuma paundi 225 mara sita. Mama yake anasema huo ni uonevu, mimi nasema ndo nidhamu yenyewe hiyo. Nani yuko sahihi? (Baba Lainbeka, Columbus)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wote mna hoja ila leo nampa mama pointi zaidi, usinune.

Tuanze na kalenda maana hapo ndo wazazi wengi wanapopigwa chenga. Mtu anaona Januari mpaka Agosti anasema miezi saba hiyo, atarudi baunsa. Hiyo miezi saba haipo. Kuna kipande cha baridi, katikati ya Januari mpaka Machi mwanzoni hivi, kama wiki saba au nane, hapo ndo wanapiga chuma kweli kweli. Halafu yanaingia mazoezi ya uwanjani ya masika, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inawaruhusu mazoezi 15 ndani ya siku 34, na kipindi hicho chuma kinapungua maana huwezi kumponda mtu skwati nzito (kuchuchumaa na chuma mabegani) asubuhi alafu jioni umpeleke akagongane. Baada ya hapo mitihani, Mei anarudi nyumbani anakula pilau ya mama, Juni na Julai kama wiki nane za kiangazi, Agosti kambi imefunguliwa. Na msimu ukiwa umeisha sheria inasema shughuli za lazima za timu zisizidi saa 8 kwa wiki, humohumo anakimbizwa, humohumo anakalishwa kuangalia video. Ukijumlisha vizuri, wiki za kujenga mwili hasa ni kama 15 au 16 tu, na hapo hajaumwa mafua wala hajafeli kozi.

Sasa nguvu. Kuna hesabu moja ya zamani ya Boyd Epley, jamaa wa chuo cha Nebraska ntamrudia chini, unachukua uzito unazidisha na moja jumlisha idadi ya marudio gawanya kwa 30. Kijana wako 225 mara sita, maana yake 225 mara 1.2, inakuja 270, ndo uzito anaokadiriwa kuusukuma mara moja tu. Akila vizuri, akilala, asiumie bega, Agosti mtegemee kwenye 285, akibahatika 295. Yaani ile 225 ataipiga mara nane au tisa badala ya sita. Ndo hiyo tu? Ndo hiyo tu mzee, na hayo ni maendeleo mazuri sana kwa mtu ambaye tayari anajua kunyanyua.

Angekuwa hajawahi kushika chuma ningekupa namba kubwa zaidi. Wiki za mwanzo nguvu inapanda haraka sio kwa sababu nyama imeongezeka bali mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli mingi kwa mpigo, ndo maana unaona dogo kaongeza paundi 40 kwenye skwati ndani ya mwezi na suruali ni ileile. Nyama yenyewe inakuja taratibu baadae. Tafiti zilizofuatilia wachezaji wa vyuo kwa miaka yao yote pale zinaonesha hivohivo, mwaka wa kwanza ndo wa mavuno, miaka inayofuata nguvu inaendelea kupanda ila kwa hatua fupi fupi.

Kuhusu uzito, kutoka 216 mpaka 240 ni paundi 24, kama kilo 11. Mimi ningesema paundi 8 mpaka 12 za maana kufikia Agosti na hapo jiko limefanya kazi kweli. Zinazobaki atazijaza tu, hakuna shida, mtoto anaweza kula pizza mpaka mzani ukubali, lakini itakuwa nyama uzembe na lainbeka mwenye nyama uzembe ataachwa na kila ranibeki (mkimbiza mpira) wa ligi nzima. Nimeona jimu za vyuo pale mlangoni kuna mzani na karatasi ya majina, Ijumaa ya kupima uzito unakuta vijana wamepanga foleni nje kila mmoja na galoni la maji anakunywa bila kupumua ili namba isome vizuri, wakitoka hapo moja kwa moja chooni. Kocha anajua, nao wanajua kwamba kocha anajua.

Kwa iyo mwambie kijana asibishane na kocha wa timu, amfuate kocha wa nguvu kwa adabu amuulize swali moja: hiyo 240 ni ya Agosti hii au ya Agosti ijayo? Mara nyingi utakuta wanamaanisha misimu miwili na aliyeleta ujumbe ndo kaufupisha. Redshati ipo kwa ajili hiyo, ana miaka mitano ya kuwepo na minne ya kucheza, huu mmoja wamempa akue.

SWALI: Mambo bro. Nna miaka 20 nacheza kona (beki wa pembeni) D2, yaani daraja la pili la vyuo, huku Kansas, mzaliwa wa Arusha. Skwati yangu imepanda paundi 60 tangu mwaka jana lakini mbio za yadi 40 niko palepale sekunde 4.78. Nataka 4.5 kabla ya kambi. Nakosea wapi? (Kona, Kansas)

JIBU: Poa mdogo wangu. Hujakosea popote, umeuliza chuma kazi ambayo sio yake.

Kabla ya 1969 makocha wengi wa futiboli walikuwa wanaogopa vyuma kama ukoma, walisema vitamfanya mchezaji awe mgumu na mzito. Mwaka huo Nebraska wakamwajiri huyo Boyd Epley, kijana aliyekuwa mruka kwa upondo pale chuoni akaumia mgongo, akawa anajifanyia mazoezi ya vyuma mwenyewe, na watu wakaona wachezaji majeruhi waliokuwa wanamuiga wanarudi uwanjani wana nguvu kuliko walivyoondoka. Kocha mkuu Bob Devaney akakubali ila akampa sharti, akipungua spidi mtu mmoja tu, kazi huna. Hakupungua mtu, na Nebraska wakachukua ubingwa 1970 na 1971, kila chuo kikaanza kutafuta Epley wake, na 1978 yeye mwenyewe akaanzisha chama cha makocha wa nguvu ambacho leo ndo kinatoa vyeti dunia nzima. Lakini soma vizuri lile sharti: Devaney aliomba watu wasipungue spidi. Hakuna aliyeahidiwa kwamba lainimeni, lile bonge la mstari wa mbele, atageuka kuwa duma.

Zile tafiti za wachezaji wa vyuo nilizozitaja juu zinasema pia jambo ambalo vijana hamtaki kusikia: nguvu inapanda mwaka hadi mwaka, spidi ya yadi 40 na kuruka juu vinasogea kidogo mwaka wa kwanza alafu vinaganda. Spidi ya juu kabisa umezaliwa nayo kwa sehemu kubwa sana. Chuma kinakusaidia zile yadi kumi za mwanzo, pale unapoisukuma ardhi kutoka kwenye kusimama, na kwa kona kinakusaidia kubreki na kugeuka, kitu ambacho kwenye mechi unakifanya mara nyingi kuliko kukimbia yadi 40 zilizonyooka. Kutoka 4.78 ukifika 4.70 safi kabisa, 4.68 fanya sherehe. Ile 4.5 weka pembeni.

Alafu uache kuabudu namba za jimu. Kwenye majaribio ya NFL, ligi ya kulipwa, wanakuwekea paundi 225, kilo 102, usukume mara nyingi uwezavyo, na 1999 jamaa anaitwa Justin Ernest alisukuma mara 51. Hamsini na moja! Hakuchaguliwa kwenye drafti, pale timu zinapogawana wachezaji wapya, na hakuwahi kucheza mechi ya ligi ya NFL hata moja. Upande wa pili kuna Lane Johnson, alianza chuo kidogo huko Texas akiwa kwotabeki (mrusha mpira), akahamia Oklahoma wakamzungusha nafasi hii na hii huku mwili unajaa, 2013 akaenda kwenye majaribio akiwa na paundi 303 akakimbia yadi 40 kwa 4.72, spidi kuliko yako na ni bonge la mtu wa mstari wa mbele, akachaguliwa namba 4. Watakuonesha picha zake za kabla na baada wakuambie hiyo ndo kazi ya jimu. Jimu ilichangia, ndio, kwa miaka, si kwa kiangazi kimoja, na spidi ile alikuja nayo kutoka kwao.

Unachoweza kufanya wewe: kimbia kwa nguvu zote mara mbili kwa wiki, mbio fupi, na katikati pumzika mpaka upumue kabisa, dakika tatu nne, sio zile za kukimbia ukiwa unahema ukidhani ni mazoezi ya spidi, hizo ni mazoezi ya pumzi. Skwati endelea nayo ila paundi 60 zingine hazitakuletea kitu kwenye saa. Na misuli ya nyuma ya paja, yale mazoezi ya kupiga magoti mtu kakushikilia vifundo alafu unashuka mbele taratibu bila kuanguka, usiyaruke hata wiki moja. Hapo ndo ofsiseni (kipindi msimu ukiwa umeisha) inalipa kuliko kote, watu hawapigi picha tu. Tafiti nyingi zikiunganishwa pamoja, nyingi ni za soka, zinaonesha zoezi hilo linapunguza kuchanika misuli ya nyuma ya paja kwa karibu nusu, na mazoezi ya nguvu kwa ujumla yanapunguza majeraha ya michezo kwa kiwango kikubwa mno. Kona mwenye 4.72 aliyecheza mechi zote ana thamani kuliko wa 4.55 aliyekaa benchi na barafu kwenye paja toka wiki ya tatu. Lakini kwa mtikisiko wa ubongo mtu asikudanganye, shingo nene haijathibitika kukukinga na huo.

SWALI: Habari ya huko. Mimi ni mama Mkenya niko Minneapolis. Kijana yangu alizaliwa Kisumu tukakuja huku akiwa na miaka tisa. Ameingia college ya D3, ako line ya mbele, na sasa wamempatia form ya sickle cell, kwamba apimwe ama asaini kuwa hataki. Yeye anataka kusaini tu amalizane nayo, anasema ako sawa na hajawahi gonjeka. Nimwambie nini? (Mama wa Kisumu)

JIBU: Mama shikamoo, mwambie asisaini kitu chochote cha kukataa. Apimwe, leo kama inawezekana. Hii barua ningeiweka ya kwanza kabisa ila nilitaka watu wote wasome mpaka hapa.

Tunaongelea AS, yaani karithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu, sio SS ambayo ndo ugonjwa wenyewe. Mwenye AS anaishi maisha yake yote bila kujua, haumwi, anacheza, anazaa. Kwetu ni wengi, kuzunguka Ziwa Victoria na Pwani yote huko ambako malaria imekaa miaka na miaka, maana AS inamkinga mtoto na malaria kali, ndo sababu imebaki kwenye damu zetu. Mtoto aliyezaliwa Marekani anapimwa akiwa kichanga, majibu yapo mahali. Wa kwako kazaliwa Kisumu, hana hiyo rekodi, na kuto "gonjeka" hakuthibitishi kitu mama.

Hatari inakuja mwili ukikamuliwa kupita kiasi bila kupumzika, hasa mbio za kurudia rudia, joto, ama siku za mwanzo baada ya likizo. Chembe za damu zinajikunja, zinaziba, misuli inaanza kufa mtu akiwa bado amesimama. Februari 2001 Devaughn Darling wa Florida State, miaka 18, alikufa kwenye mazoezi ya ofsiseni, alikuwa na AS. Machi 18, 2008 Ereck Plancher wa chuo cha UCF kule Orlando, miaka 19, naye ofsiseni, naye AS. Katikati hapo, 2006, Dale Lloyd wa chuo cha Rice, Houston, alianguka baada ya mbio 16 za yadi 100, naye AS, na kesi ya familia yake ndo iliyowafanya NCAA waanze kudai kipimo kwa vyuo vya D1 mwaka 2010, D2 na D3 wakafuata baadae. Ile fomu ya kijana wako imetokana na msiba wa watu mama, sio urasimu.

Akikutwa nayo haachi mpira! Wapo wenye AS mpaka NFL. Kinachobadilika ni namna anavyofanyishwa mazoezi: anaanza taratibu, anapewa mapumziko marefu kati ya mbio na mbio, hawekwi kwenye vipimo vya kukimbizana na saa siku ya kwanza, akiwa na homa au hajanywa maji anakaa pembeni. Na yeye ajue dalili zake. Kubanwa misuli kwa kawaida kunauma vibaya, mtu anapiga kelele na msuli unaonekana umejikaza. Hii nyingine miguu inalegea tu, inakuwa mizito, anajikalisha chini, msuli ukiushika ni laini, na kocha mjinga anadhani dogo ni mvivu. Hapo ni kusimamisha kila kitu, oksijeni, na ambulensi ikija aambiwe wazi mchezaji ana AS. Kijana aongee yeye mwenyewe na daktari wa timu, na watu wawili watatu wa mstari wake wajue, maana wao ndo watakaokuwa pembeni yake.

Ukishamaliza hilo uliza na la joto. Jordan McNair, naye lainimeni, chuo cha Maryland, alianguka Mei 29, 2018 kwenye mbio za kurudia za yadi 110, hakuwekwa kwenye maji ya baridi kama inavyotakiwa, akafariki Juni 13, miaka 19. Chuo chenyewe kilikiri wajibu wake. Watu wakubwa kama hao ndo joto linawakamata haraka. Swali lako kwa chuo liwe fupi tu: siku za joto mnaweka beseni la maji ya barafu uwanjani au hamuweki? Mtu akipata kiharusi cha joto anapozwa palepale kwanza, hospitali baadae. Wakianza kukuzungusha mama, paza sauti.

Na kwa wazazi wote, mjue kwamba tangu 2000 wachezaji wa vyuo waliokufa kwenye mazoezi ya kujiweka fiti ni wengi kuliko waliokufa kwa kugongwa kwenye mechi. Mnakaa mnaogopa Jumamosi ya mechi wakati cha kuogopa ni Jumanne ya wiki ya kwanza ya mazoezi.

SWALI: Bro likizo ya krismasi ilipoisha tulirudi, siku ya pili kocha akatupigisha skwati na push-up kama adhabu kwa sababu kuna watu walichelewa. Rafiki yangu kalazwa siku nne, wanasema rabdo. Kocha anasema hakunywa maji. Ni kweli? (Sitaji chuo)

JIBU: Maji ni kisingizio. Rabdo ni misuli kuvunjika kiasi kwamba uchafu wake unaingia kwenye damu na kuziba figo, na inaletwa na kazi nyingi ambayo mwili haujaizoea, ukiwa umekunywa maji au hujanywa. Januari 2011 chuo cha Iowa wachezaji walirudi kutoka mapumziko ya wiki tatu wakapewa skwati 100 kwa nusu ya uzito wao wa juu kabisa, saa inawasoma, wachezaji 13 wakalazwa. Oregon nao Januari 2017, watatu hospitalini. Umeona mwezi? Kila mara ni mtu karudi likizo kakuta kocha anataka kupima moyo wa wanaume.

Na hapo ndo nasema wazi: mazoezi ya adhabu hayajengi nguvu hata gramu moja. Mapendekezo ya NCAA ya 2019 yenyewe yanasema mazoezi yasitumike kama adhabu na wiki za mwanzo mzigo upande kidogo kidogo. Mkojo ukiona umekuwa kama chai ya rangi, misuli imevimba inauma kupita kawaida, mkono haunyooki, nenda hospitali usiku huohuo usingoje ruhusa ya mtu. Rafiki yako asirudi jimu mpaka daktari aone vipimo vya damu vimeshuka, na akirudi aanze chini kabisa.

SWALI: Jambo sana. Sisi ni batu ya Bukavu, tuko hapa Des Moines. Mutoto wangu iko anacheza mustari wa mbele, iko na kilo 120, banamuambia anunue poda za mingi, kila mwezi dola 200. Ni lazima? Hapa nyumba tunakula fufu, sombe (kisamvu) na samaki. (Papa wa Bukavu)

JIBU: Jambo sana papa. Si lazima hata kidogo, hizo dola 200 nunulia samaki.

Mwili unaojenga misuli unatosheka na protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo moja ya uzito kwa siku, ukizidisha hapo faida ni ndogo sana. Kijana wa kilo 120 ni gramu 190 hivi. Yai moja lina 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kuku bila mfupa gramu 100 ina kama 30. Asubuhi mayai manne na maziwa, mchana kikombe cha maharage na kipande kikubwa cha kuku, jioni samaki na sombe yake, kabla ya kulala maziwa tena, papa kashafika au kakaribia, na chuo nacho kinawalisha. Fufu iendelee, anahitaji wanga wa kufanyia kazi, ila isijae sahani mpaka samaki akakosa pa kukaa.

Poda pekee ambayo singemkataza ni kriatini, ile ya kawaida ya bei rahisi, gramu 3 mpaka 5 kwa siku, NCAA hawajaipiga marufuku na imefanyiwa utafiti wa kutosha. Hizo zingine zenye picha ya simba kwenye kopo na maneno ya kulipuka, hapana. Zinaweza kuwa na vitu ambavyo havijaandikwa, na kijana akipimwa akakutwa na dawa ya kuongeza nguvu anafungiwa mwaka mzima na anapoteza msimu, na kusema sikujua hakumsaidii. Chochote anachonunua akipeleke kwanza kwa mtu wa lishe wa timu akione.

SWALI: Kaka nipo Dar, nna miaka 17 na kilo 108, sijawahi kucheza ila naangalia sana Youtube. Nikipiga chuma mwaka mzima naweza pata skolashipu ya futiboli Marekani? (Bonge la Temeke)

JIBU: Kwa chuma peke yake, hapana mdogo wangu. Makocha wa kule wanachagua kwa video za mechi, na video za mechi huna. Tim Biakabutuka ni mzaliwa wa Kinshasa, 1995 aliikimbizia Michigan yadi 313 dhidi ya Ohio State, siku hiyo inasimuliwa mpaka leo, lakini mpira aliujifunzia Kanada alikokulia. Daniel Adongo wa Kenya aliingia timu ya NFL ya Indianapolis Colts 2013 bila kupita timu ya chuo, ila alitokea ragbi ya kulipwa, mwili wake ulikuwa umezoea kugongana miaka mingi.

Hiyo ndo njia iliyo karibu na wewe: tafuta klabu ya ragbi hapo Dar, kimbia, gongana, jifunze kukaba. NFL 2023 walikuja kufanya kambi ya vijana Nairobi na wanaotafutwa kwenye kambi kama hizo ni watu wa aina yako wenye miguu myepesi, wengi wanatoka basketi na ragbi. Jimuni nenda mara tatu kwa wiki, sio sita. Skwati ianzie na mti wa ufagio mabegani mpaka visigino visinyanyuke, alafu ndo chuma kitupu, alafu ndo sahani za uzito. Na shule usiache, bila matokeo ya kidato cha nne na Kiingereza hakuna chuo kitakachofungua hata barua pepe yako.

Barua zingine za masikio na magoti tutazijibu toleo lijalo. Na yule aliyetuma picha ya goti bila kuandika swali, naomba aandike swali.